Kuendesha Pikipiki ya Umeme Kwenye Mapito Magumu ya Dodoma: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Pikipiki ya umeme ya porini hutengenezwa kwa ajili ya ardhi ambayo gari halipiti na ambayo dereva wa bodaboda huizunguka kwa mbali: mito ya mchanga, makorongo, miamba ya granaiti na vijia vya ng'ombe vinavyopenya katikati ya migunga. Mkoa wa Dodoma una vyote hivyo, mara nyingi ndani ya safari moja ya asubuhi. Mwongozo huu unamlenga mtu ambaye tayari anajua kuendesha pikipiki ya petroli barabarani, ila hajawahi kuipeleka ya umeme kwenye njia ngumu. Jambo kubwa atakalolazimika kujifunza upya ni kuzuia nguvu, kwa sababu mota ya umeme hutoa nguvu zake kubwa za kusokota tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, na hakuna klachi ya kuzipunguza njiani. Kazi yote iliyokuwa ya klachi inahamia kwenye kiganja cha mkono wa kulia na kwenye kidole kimoja cha mkono wa kushoto.

Hatua ya kwanza: ijue mashine kabla ya kuipeleka porini

Pikipiki hizi ziko katika makundi mawili yasiyofanana. Kundi la kwanza ni la zile nyepesi, kama Sur-Ron Light Bee na Talaria Sting, zenye uzito wa kilo 55 hadi 75 hivi pamoja na betri, ambazo watu wawili huzinyanyua na kuziweka kwenye kirikuu bila taabu. Kundi la pili ni la zile za mashindano, kama Stark Varg iliyotangazwa mwaka 2021, yenye uzito wa kilo 110 hivi na zaidi, na nguvu inayoweza kufika farasi 80. Kwenye mapito ya mawe na makorongo mwendo wa kawaida ni kilomita 10 hadi 20 kwa saa, na kwa mwendo huo kundi la kwanza linatosha kabisa. Mtu anayenunua farasi 80 kwa kazi hiyo analipia nguvu ambazo hatapata pa kuzitumia kati ya Dodoma na Kondoa.

Nyingi kati ya pikipiki hizi hazina gia wala klachi. Upande wa kushoto wa usukani, mahali palipozoeleka kuwa na mkono wa klachi, huwekwa breki ya nyuma, na mguu wa kulia hubaki na kazi moja tu ya kusimama juu ya kikanyagio. Mtu aliyezoea petroli huuvuta mkono huo wa kushoto kwa nguvu pale pikipiki inapotaka kumponyoka, akidhani anakata mwendo wa injini, na matokeo yake gurudumu la nyuma hufunga ghafla. Mazoea hayo hayaondoki kwa kusoma, na ndiyo sababu hatua ya nne isirukwe.

Mashine hii pia haina nyutro wala muungurumo wa kukujulisha kwamba iko tayari kuondoka. Swichi ikiwa imewashwa, kugusa ekseleta kidogo tu kunaifanya iruke mbele, hata kama umesimama kando yake ukiikokota. Kwa hiyo kila unaposhuka, unapoisukuma, unapoinyanyua baada ya kuanguka au unapompa mwenzako aijaribu, zima kwanza, ndipo ufanye jambo jingine. Ikiwa swichi yake ya dharura ina kamba ya kufunga mkononi, ifunge kila safari. Ukitupwa, kamba huchomoka na umeme hukatika.

Dodoma mjini iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo injini ya kawaida ya petroli hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa sababu ya wepesi wa hewa. Mota ya umeme haiunguzi chochote, hivyo haipotezi kitu. Ni faida ndogo, lakini wenye pikipiki za petroli hupenda kuibishia.

Hatua ya pili: hesabu betri kwa kuitazama ardhi

Betri ya voti 60 na ampea-saa 40 hubeba wati-saa 2,400, yaani uniti 2.4 za LUKU. Ukiongeza umeme unaopotea kwa joto wakati wa kuchaji, mita itakata karibu uniti 2.7. Umbali unaoandikwa na watengenezaji kwa kawaida hupimwa kwa mwendo mmoja usiobadilika kwenye barabara tambarare, na hauna maana kubwa porini. Kwenye udongo mgumu, pikipiki nyepesi inaweza kutumia wati-saa 30 hadi 40 kwa kilomita, na kwenye mchanga mzito matumizi yanaweza kuzidi mara mbili ya hapo. Kupanda nako kuna bei yake: mwendeshaji na pikipiki yake wakiwa na jumla ya kilo 140, kila mita 100 za kwenda juu hugharimu takriban wati-saa 50 pamoja na hasara za mota, ambazo ni kama asilimia 2 ya betri hiyo.

Usitegemee makadirio ya mtu mwingine, kwa kuwa uzito wako, tairi zako na mkono wako si vyake. Chagua kipande cha kilomita 5 kinachofanana na njia unayokusudia, kiende na kurudi, kisha uangalie asilimia iliyotumika. Soma kipimo baada ya kusimama dakika chache, kwa sababu pikipiki nyingi hukadiria chaji kwa kutazama voti, na voti hushuka kwa muda wakati mota inavuta nguvu. Ukishapata namba yako, panga safari kwa kanuni hii: asilimia 40 ya kwenda, asilimia 40 ya kurudi, na asilimia 20 isiyoguswa. Njia ya kwenda ikiwa ni ya mteremko, geuza mapema zaidi, maana deni la kupanda linakusubiri wakati wa kurudi.

Usipange safari kwa matumaini ya kuchaji kijijini. Chaja ya kawaida ya pikipiki hizi huvuta wati 600 au zaidi kwa saa kadhaa mfululizo, na sola ndogo za taa na simu zilizoko kwenye nyumba nyingi za vijijini haziwezi mzigo huo. Kijiji chenye nguzo za TANESCO ni habari nyingine, lakini hata hapo omba kwa adabu na ulipie uniti utakazotumia.

Joto nalo linahusika moja kwa moja na hesabu hii. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, joto la mchana Dodoma hupita nyuzi 30 kivulini, na betri iliyoachwa juani hupata moto zaidi ya hewa. Hali huwa mbaya zaidi unapopanda mlima polepole, kwa kuwa mota huvuta mkondo mkubwa huku ikizunguka taratibu, na sehemu kubwa ya umeme huo hugeuka kuwa joto badala ya mwendo. Kontrola, yaani kifaa kinachopima umeme unaokwenda kwenye mota, ikihisi joto limezidi, hupunguza nguvu yenyewe ili kuilinda mota. Ukiona pikipiki inalegea ilhali ekseleta hujaipunguza, simama chini ya mti, zima, na uiache ipoe kwa robo saa au zaidi, usiimwagie maji. Njia rahisi kuliko zote ni kuondoka saa kumi na mbili asubuhi na kuwa umerudi kabla ya saa tano.

Hatua ya tatu: tairi, miba na mavazi

Miba ya Dodoma ndiyo inayoamua nani arudi akiendesha na nani arudi akikokota. Migunga hudondosha miba mirefu iliyonyooka ambayo hupenya tairi la kawaida bila shida, na wakulima huburuta matawi ya miba kufunga njia za mashambani ili ng'ombe wasiingie, kisha vipande vyake hubaki vimetapakaa kwenye kijia. Weka tyubu nene za porini na umimine ndani yake dawa ya maji ya kuziba pancha. Chukua pia tyubu ya akiba ya mbele na ya nyuma, kwani mara nyingi vipimo vyake havilingani.

Upepo wa tairi urekebishwe kulingana na ardhi. Kwa pikipiki nyepesi, PSI 12 hadi 18 ni wigo unaofaa: chini kidogo kwenye mchanga, ambapo tairi lililolegea hutanda na kushika vizuri, na juu zaidi kwenye mawe, ambapo tairi lenye upepo mdogo huruhusu tyubu kubanwa kati ya jiwe na ringi hadi ikapasuka pande mbili. Kwa safari yenye mchanga na mawe pamoja, 15 ni suluhu ya haki. Beba pampu ya mkono na kipimo chake, vyuma vya kuvulia tairi, spana za mashine yako, kiungo cha akiba cha mnyororo, na kamba imara ya mita 10.

Kuhusu mavazi hakuna mengi ya kujadili. Kofia ngumu iwe ya kufunika kidevu, kwa sababu anayeanguka kwenye mawe huanguka kwa uso. Miwani ya vumbi, glovu, pedi za magoti na viwiko, na buti zinazopita kifundo cha mguu ni vya lazima. Lita 3 za maji kwa kila mtu ndicho kiwango cha chini wakati wa kiangazi. Usiende peke yako, na mwachie mtu wa nyumbani jina la kijiji unakoelekea na saa unayotarajia kurudi, maana mtandao wa simu hukatika ukishaingia kwenye mabonde.

Hatua ya nne: jizoeze uwanjani kabla ya njia yenyewe

Tafuta eneo la wazi la udongo mgumu lisilo na watu, uweke mashine kwenye hali ya nguvu ndogo, kisha ufanye mazoezi manne yafuatayo hadi mikono iyatende bila kuamriwa.

Zoezi la kwanza ni la kiganja. Simama wima juu ya vikanyagio, viwiko vikiwa vimepanuliwa nje na kiganja cha kulia kikiwa chini kidogo, ili mwili ukirushwa nyuma usivute ekseleta bila kukusudia. Fungua ekseleta kama unavyofungua koki yenye presha kubwa: kwa upole mno mwanzoni, kisha uongeze baada ya mwendo kuanza. Gurudumu la nyuma likichimba udongo wakati wa kuondoka, umevuta mno.

Zoezi la pili ni la kutembea mwendo wa mtu kwa miguu. Shikilia ekseleta mahali pamoja, na utumie kidole kimoja cha kushoto kubana breki ya nyuma kidogo kidogo ili kupunguza nguvu inayofika chini. Hili ndilo linaloziba pengo la klachi, na ukilimudu umemudu nusu ya kazi yote. Baadhi ya pikipiki hukata umeme wa mota mara tu breki inapoguswa. Ikiwa yako ni ya namna hiyo, zoezi lifanyike kwa kupokezana, breki ikiachiwa ndipo ekseleta ifunguke. Lisiendelee kwa muda mrefu mfululizo, kwani mota na breki vyote hupata moto.

Zoezi la tatu ni kusimama kabisa bila kushusha mguu, kuhesabu moja hadi mbili, na kuondoka tena. Injini ya petroli ingezimika. Mota ya umeme haizimiki. Wengi wanaotoka kwenye petroli huichukulia faida hii kuwa mchezo wa uwanjani, ilhali kwenye mawe ndiyo inayokupa nafasi ya kutua, kutazama na kuchagua pa kupita. Zoezi la nne ni kuzunguka umbo la namba nane, ukiegemeza pikipiki chini yako huku mwili wako ukibaki wima, na macho yakitazama unakokwenda.

Hatua ya tano: mito ya mchanga

Mito mingi ya Dodoma, kama Bubu unaoishia kwenye kinamasi cha Bahi au Kinyasungwe upande wa mashariki, huwa mikavu kwa sehemu kubwa ya kiangazi na kubakiza mchanga mpana. Kwa maoni yangu hakuna darasa bora kuliko hilo, kwa sababu ukianguka unaangukia mahali laini.

Kabla ya kushuka mtoni, punguza upepo wa tairi na uweke breki ya mota kwenye kiwango cha chini kabisa. Breki hiyo, ambayo hurudisha umeme kidogo kwenye betri unapoachia ekseleta, huliburuta gurudumu la nyuma na kuutupa uzito mbele, na gurudumu la mbele lililolemewa huzama. Ingia ukiwa na mwendo tayari, umesimama, nyonga zikiwa nyuma kidogo ya kawaida ili gurudumu la mbele liwe jepesi. Usukani utacheza kushoto na kulia, uache ucheze. Anayeukaba ili kuunyoosha ndiye anayeanguka. Geuza kwa kukanyaga zaidi kikanyagio cha upande unaotaka kwenda, na ukipoteza mwelekeo ongeza nguvu kidogo badala ya kufunga breki ya mbele.

Ukikwama, usiendelee kuvuta ekseleta. Mota haitazimika kama ya petroli, itaendelea kuchimba kwa utii mpaka mhimili uguse mchanga, na itakuwa imekula chaji na kupata moto bure. Zima, ilaze pikipiki ubavu, fukia shimo kwa mguu, isimamishe tena, ndipo uondoke ukitembea kando yake na ekseleta ikiwa imeguswa kidogo sana. Hapa ndipo kilo 57 zinapotofautiana kabisa na kilo 115.

Yapo mambo mawili ya mtoni ambayo mgeni hayajui. La kwanza ni visima vya mchangani: wanawake na wafugaji huchimba mashimo kwenye mto mkavu ili kufikia maji yaliyo chini, mengine yakipita urefu wa mtu, na mengine huzungushiwa miba ambayo kutoka mbali huonekana kama kichaka kilicholetwa na mafuriko. Usipite kwa kasi mtoni mahali usipopaona vizuri, na usikaribie kisima, kwa kuwa kingo zake hubomoka na maji hayo ni ya kunywa. La pili ni mafuriko ya ghafla. Kati ya Desemba na Aprili, mvua inayonyesha milimani huweza kuleta maji kwenye mto ulioko chini ya anga safi. Miezi hiyo, uvuke mto, usiufuate.

Hatua ya sita: mawe na miamba

Granaiti kavu hushika tairi vizuri kuliko wanaoanza wanavyodhani. Kinachoteleza ni changarawe inayomeguka kutoka kwenye mwamba na kutulia juu yake, pamoja na majani makavu yaliyokusanyika kwenye nyufa. Kwa hiyo tembea kwanza kwa miguu kwenye kipande chochote kigumu, usugue mwamba kwa soli ya buti, na uchague mstari mmoja wa kupita tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha rudi uupite mstari huo huo, ukitazama mita 5 hadi 10 mbele, kwani pikipiki hufuata macho na jiwe unalolikodolea ndilo utakaloligonga.

Kwenye mawe yaliyolegea weka mwendo mmoja wa polepole usiokatikakatika, magoti yakibana ubavu wa pikipiki kwa wepesi na mikono ikiwa imelegea. Gurudumu la nyuma likianza kuteleza, punguza ekseleta kwa kiasi kidogo sana hadi lishike tena. Kuifunga yote ghafla huiyumbisha pikipiki. Mahali panapokushinda, simama kwa breki ya nyuma, tua mguu, pumua, uchague upya.

Kupanda ngazi ya mwamba kunafuata mpangilio huu. Karibia kwa pembe ya mraba, kwa mwendo wa kutembea. Gurudumu la mbele likiwa limebakiza nusu mita hivi, ukandamize mwili chini ili foki zibonyee, kisha zinapojirudi gusa ekseleta mara moja, kwa ufupi, huku uzito ukirudi nyuma. Gurudumu litanyanyuka na kutua juu ya ngazi. Papo hapo punguza ekseleta, sogeza mwili mbele na uache gurudumu la nyuma lipande kwa mwendo uliokwishakuwepo. Kosa la kawaida ni kuendelea kuvuta baada ya gurudumu la mbele kupanda, na pikipiki humpindukia mwendeshaji. Anza na ngazi zisizozidi robo ya kipenyo cha gurudumu. Hakikisha kuna bamba la chuma au la alumini chini ya mota, maana kwenye pikipiki nyingi nyepesi ndiyo inayogonga mwamba kwanza.

Hatua ya saba: makorongo, miinuko na miteremko

Makorongo ya Kondoa yana historia ndefu. Mmomonyoko huko ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoharibika zaidi ili majani yaote tena. Alama ya tairi kwenye mteremko wa udongo huo mwekundu huwa njia ya maji mvua zinapokuja, na njia ya maji huwa korongo. Fuata kijia kilichopo, hata kama kando yake kunaonekana rahisi zaidi.

Korongo halivukwi kabla ya kukaguliwa kwa miguu. Kingo zake mara nyingi zimeliwa chini na maji, zikiwa zimebaki kama dari la udongo lisilo na nguzo. Tafuta mahali ng'ombe wanapovukia, kwa kuwa kwato zao zimekwishakuulainisha ukingo, na uingie kwa pembe ya mraba. Ukiwa ndani ya mfereji mwembamba, kubali kufuata mfereji huo. Anayejaribu kutoka katikati yake hukuta gurudumu la mbele limetoka na la nyuma limebaki.

Mlima hukushinda au huushinda kabla hujaufikia. Chukua mwendo wako chini, inamisha kifua mbele ya usukani, na panda kwa ekseleta isiyobadilika, ukiwa tayari kuipunguza mara gurudumu la mbele linaponyanyuka. Ukikwama katikati, usiizuie pikipiki isirudi nyuma kwa kuvuta ekseleta, kwani mota iliyosimama huku ikivuta mkondo huungua upesi. Bana breki zote mbili, tua mguu wa upande wa juu, zima, ilaze pikipiki upande huo wa juu, kisha uizungushe hadi ielekee bondeni.

Kwenye mteremko hakuna gia ya chini ya kukushikilia. Sogeza nyonga nyuma, kunja viwiko, tumia kidole kimoja kwa kila breki, na uongeze breki ya mota ikiwa pikipiki yako inaruhusu. Jihadhari na jambo moja: betri iliyojaa asilimia 100 haina nafasi ya kupokea umeme unaorudishwa, na kwenye mashine nyingi breki ya mota hudhoofika au kutofanya kazi kabisa mpaka chaji ipungue. Kama safari inaanzia kilimani, chaji hadi asilimia 90 tu.

Udongo mweusi wa mbugani hauhitaji maelezo marefu. Ukiwa mkavu una nyufa, ukiwa na maji hunata na kujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu ligome. Subiri siku kadhaa baada ya mvua, au pita kwingine.

Hatua ya nane: watu, mifugo na ruhusa

Ukimya wa pikipiki hii unawapendeza majirani, lakini porini ni hatari. Ng'ombe, mbuzi na watoto wanaochunga hawakusikii mpaka uko mgongoni mwao, na kundi lililoshtuka hukimbilia popote, likiwemo shamba la mtu. Funga kengele ya baiskeli kwenye usukani na uipige mapema. Ukifikia kundi, simama, msalimie mchungaji, na umwache yeye aamue mifugo ipite wapi. Mizinga ya nyuki hutundikwa kwenye mibuyu na migunga. Usichague kivuli cha mti wenye mzinga kuwa mahali pa kuziba pancha.

Sehemu kubwa ya ardhi utakayopita nje ya mji ni ya vijiji, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Pita kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji au kwa mwenyekiti, ueleze unakotaka kwenda na uombe ruhusa. Mara nyingi utapewa pia kijana anayejua korongo lipi linapitika. Mapori ya akiba, kama Swagaswaga, huingiwa kwa kibali cha TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na misitu ya hifadhi kwa kibali cha TFS, wakala wa misitu. Maeneo ya michoro ya miambani ya Kondoa, yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, si mahali pa kuendeshea pikipiki kabisa. Dodoma ikiwa makao makuu ya nchi, ina pia vilima na viwanja vyenye ulinzi: ukiona kibao cha kukataza au askari, geuza bila kujaribu kujieleza kwa mbali. Na ikiwa pikipiki yako haijasajiliwa TRA, au huna leseni ya daraja husika, isikanyage barabara ya umma hata kwa mita chache. Ipakie kwenye kirikuu hadi njia inapoanzia.

Hatua ya tisa: kurudi, kusafisha na kuchaji

Ondoa vumbi kwa brashi na kitambaa chenye unyevu. Mashine za presha zinazotumiwa kwenye sehemu za kuoshea magari husukuma maji ndani ya viungo vya umeme na bearingi, hata kama mtengenezaji amesema pikipiki haiingizi maji. Safisha mnyororo na uupake mafuta, kaza spoku na nati za mhimili, na uchunguze tairi kwa vidole ili kung'oa miba iliyobaki kabla haijafika kwenye tyubu.

Usichaji betri yenye joto. Iache ipoe kwa saa moja kivulini, kwani seli za lithiamu huharibika zikichajiwa zikiwa zimezidi nyuzi 45. Chajia juu ya sakafu ya saruji, mbali na kitanda, mapazia na mlango wa kutokea, kwa kutumia chaja iliyokuja na pikipiki, na usiiache ikichaji usiku kucha huku watu wamelala. Betri iliyopigwa na jiwe hadi ganda likabonyea, inayovimba, au inayotoa harufu ya kemikali isichajiwe tena hata mara moja. Itolewe nje ya nyumba, na ikianza kufuka moshi watu wakae mbali na Zimamoto wapigiwe kwa namba 114.

Masika yakianza na mbuga zikijaa maji, betri inayopumzishwa iachwe na chaji ya asilimia 40 hadi 60 mahali pakavu penye ubaridi, ikaguliwe kila mwezi na kuongezwa kidogo ikishuka, kwa sababu seli zilizoachwa zikashuka kupita kiasi huenda zisikubali tena chaja.